Gemu Isiyosema Uyoga Uko Wapi

Waandishi wa magazeti ya gemu wameandika mengi kuhusu gemu yetu ya pili. Wanasema inachezeka kuliko ya kwanza, wanasema tumeondoa ramani na mishale, tumemrudishia mchezaji macho yake. Mmoja akaandika kwamba sasa tumekua. Tumekua nini? Mimi nina miaka hamsini na moja na kazi yangu ni kuchora miti; nilikua zamani. Hakuna hata mmoja aliyemtaja mzee Alois Vrbata, mstaafu wa reli, ambaye mpaka leo anashika pedi ya kuchezea kama mtu aliyeshikishwa mtoto mchanga wa jirani. Basi ngoja niseme mimi, Zdislava, kwa sababu nilikuwepo.

Ofisi yetu iko Brno, ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitambaa. Tuko watu watano, na wote tunavua viatu mlangoni na kuvaa sapatu laini za ndani, maana Radovan alilelewa hivyo na ofisi ni yake. Radovan Vrbata ndiye mwenye wazo la gemu zote mbili, na ndiye mtoto pekee wa huyo mzee Alois. Mimi natoka kijiji kimoja nao, Jedlovec, kule nyanda za juu za Moravia. Mama yangu anakaa nyumba ya tatu kutoka kwa mzee. Kwa hiyo nikisema mambo yao, sikuyasikia redioni.

Kwetu, mwezi wa tisa, mtu mzima anaweza kukusimulia ugonjwa wake, ugomvi wake na mkewe, hata chama alichokipigia kura. Lakini hatakwambia uyoga anauokota wapi. Ukimuuliza atasema "kule," na mkono utaelekea upande mwingine. Ukikutana naye msituni utakuta kikapu amekifunika kwa majani ya kangaga, na ukichungulia atakwambia mwaka huu hamna kitu, uyoga wa nzi tu, ule mwekundu wenye madoadoa meupe ambao ni sumu. Hakuna anayeuhesabu huo kuwa uongo. Siku ikifika, baba humpeleka mwanawe akamwonyesha mahali pake. Wengine hufa napo.

Radovan alitaka kupelekwa. Namjua tangu anavaa kaptula, na sijamwona akitaka kitu kingine namna ile. Mzee alikuwa akimpeleka sehemu za kandokando, zile ambazo hata mgeni wa mji mkuu, Praha, angezigundua. Mlimani, palipokuwa mahali pake hasa, hakumpeleka. Basi alfajiri moja, akiwa na miaka kumi na tisa, akamfuata baba yake kwa nyuma, akapaona: mawe makubwa matatu, msalaba wa njiani, ukuta wa zamani ulioanguka, na katikati yake mzee amepiga magoti na kisu mkononi. Akarudi nyumbani kimya. Akakaa na jambo hilo moyoni miaka mingine kumi na tisa.

Kisha akatengeneza gemu ya kwanza. Ndiyo, gemu ya kuokota uyoga. Cheka ukimaliza tuendelee. Alihitaji msitu wa kuaminika, na msitu aliokuwa nao kichwani ulikuwa mmoja tu. Akaniambia nichore mawe matatu, msalaba na ukuta, nami nikachora. Sikuujua ule mlima. Ningeujua ningemzaba kofi palepale.

Na gemu yenyewe haikuwa nzuri, tusidanganyane. Uyoga ulikuwa unang'aa ili mchezaji auone kwa mbali. Pembeni mwa skrini palikuwa na ramani ndogo yenye vidoti vya njano; kila kidoti ni uyoga, na kila siku uko palepale. Mchezaji anakimbia kutoka kidoti mpaka kidoti, anabonyeza, uyoga unaruka wenyewe kikapuni. Ukifikisha arobaini umeshinda. Hynek, kijana wetu anayeandika programu, aliiita kazi ya tarishi. Watu waliinunua, wakaimaliza kwa siku mbili, wakaisahau.

Mtu mmoja wa kijiji cha jirani hakuisahau. Aliyatambua mawe na msalaba, akaandika mtandaoni kuwa anapajua. Ramani ya vidoti ilikuwa tayari, tumemchorea sisi. Mwezi wa tisa uliofuata mzee Alois alifika pale na kikapu chake asubuhi na mapema, akakuta magari yamepangana msalabani, mengine yana namba za Praha. Hakuingia. Alirudi nyumbani akakitundika kikapu kwenye msumari. Jumapili Radovan alipokwenda kula, baba yake akamwambia maneno mawili tu. "Nimeona magari."

Mama yangu aliposikia alisema kikulacho ki nguoni mwako, na akamkatalia Radovan keki ya plamu aliyokuwa amemwekea. Ikapita miaka mitano. Kila Jumapili baba na mwana wanakunywa supu na kuzungumzia mvua. Radovan aliomba msamaha, kwa mdomo na kwa barua. Mzee akajibu kwamba supu inapoa. Na huku magoti ya mzee yakawa yanakwisha. Ana miaka sabini na tisa. Bado msimu mmoja, pengine miwili, halafu msituni hatakwenda tena, na Radovan atakuwa hajapelekwa na baba yake hata siku moja. Hilo ndilo lililokuwa linamla. Alikuwa anaweza kusimama mbele ya dirisha la ofisi na kikombe cha chai mpaka chai ikapoa.

Gemu ya pili ilianza kama adhabu aliyojipa. Cha kwanza alichofuta ni mlima. Akafuta ramani. Akafuta mng'ao. Akafuta hesabu ya arobaini.

"Sasa mchezaji atajuaje uyoga uko wapi?" Hynek akamuuliza.

"Hatajua."

"Bosi, huo si mchezo. Huko ni kupotea."

Na kweli, tuliwaita watu kumi waijaribu, wote kumi wakapotea. Walizunguka kwenye miti yangu dakika kumi na tano, wakashukuru kwa chai, wakaenda zao. Mmoja aliniambia miti ni mizuri. Nilijua maana yake. Ukitoa kibaya bila kuweka kizuri mahali pake, unabaki na shimo.

Mimi sina subira. Desemba nilipokwenda kumwona mama, nikapita kwa mzee Alois. Nilimkuta jikoni anamenya viazi, nikamwamkia, nikakaa bila kukaribishwa.

"Mzee, nina shida. Tuna gemu mpya ya uyoga, mbovu kweli. Natafuta mtu wa kuitukana."

"Ya nani?"

"Yetu."

"Yenu na nani?"

"Unajua na nani."

Akamenya kiazi kizima, akakitia kwenye maji. "Na ile ya kwanza," akasema, "ilikuwa mbovu kuliko hii?"

"Kuliko hii."

"Basi nitakuja Alhamisi na treni ya asubuhi. Viatu najua kuvua, usinifundishe."

Alikuja na sapatu zake mwenyewe ndani ya mfuko wa nailoni. Radovan sikuwa nimemwambia. Aliposikia ile sauti mlangoni alisimama, akakaa, akasimama tena, mwishowe akaenda dirishani akatupa mgongo kama mtu aliyekuja kukagua mapazia. Mzee hakumsalimu. Nikampa pedi, nikamwonyesha kidole gumba kinafanya nini. Mtu wa ndani ya gemu akaanza kwenda msituni.

"Huyu anawahi treni?" mzee akauliza.

"Ndivyo anavyotembea."

"Mimi nimefanya kazi reli miaka arobaini, najua mtu anayewahi treni. Mwambie mwenye gemu ampunguze mwendo."

"Mwambie mwenyewe, yule pale."

"Nakwambia wewe, Zdislava."

Basi ikawa hivyo. Kila Alhamisi, majira yote ya baridi, mzee anaitukana gemu, mimi nageuza shingo na kurudia, na Radovan hatua tatu kutoka hapo anaandika kwenye daftari kama hakusikia mara ya kwanza. Hynek alikuwa anaiba kuniangalia na kukaza midomo asicheke. Nilijiona mjinga, lakini nilivumilia.

Mzee alisema uyoga hauonwi na aliyesimama. Unachuchumaa, unatazama kuelekea juu ya mteremko, na mwanga unapita chini ya kofia zake. Hynek akaiweka hiyo, na ghafla kitendo cha kuchuchumaa, ambacho kwenye gemu ya kwanza hakikuwepo kabisa, kikawa ndio roho ya mchezo wote. Umesimama, msitu mtupu. Umechuchumaa, uyoga huo hapo. Mzee akauliza ni nani aliyeuweka uyoga fulani chini ya mti fulani, maana mtu huyo hajawahi kuonja uyoga maishani mwake. Mtu huyo nilikuwa mimi. Nilirudi nikachora miti upya wiki tatu, kila uyoga na mti wake, na nilinuna wiki zote tatu.

"Na ule mchungu uko wapi?" akauliza Alhamisi nyingine. Anamaanisha ule unaofanana na uyoga mzuri kama pacha, lakini mmoja tu ukiingia sufuriani supu yote inakwenda kumwagwa.

Radovan akajisahau. "Tuliuondoa. Wachezaji watakasirika."

Mzee akanigeukia mimi. "Mwambie waache wakasirike. Kwani wameokota viazi?"

Ule mchungu ukaingia. Sasa mchezaji ana hiari: aulambe kila mmoja palepale, apoteze muda na mwanga wa jua, au abahatishe na ajue jioni jikoni. Hynek alibahatisha. Akamwaga sufuria nzima ya siku nzima, akatukana tusi ambalo mama yake hakumfundisha, na hapohapo akaanza siku mpya. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona mtu ofisini akiicheza bila kulazimishwa. Radovan naye aliona, akaandika kitu daftarini, akapigia mstari.

Ilikuwa mwezi wa pili mzee alipoiweka pedi mezani katikati ya mchezo.

"Humu msituni niko peke yangu?"

"Ndiyo mzee, ni wewe tu."

"Hakuna anayenifuata?"

"Hakuna."

"Basi namficha nani?"

Hynek aliacha kuandika. Radovan alitoka dirishani, akaja akapiga magoti kando ya kiti cha baba yake, mtu mzima wa miaka arobaini na tatu, na sapatu moja ilimtoka akaiacha.

"Mimi nilikufuata, baba," akasema. "Mwaka ule nina miaka kumi na tisa. Mlimani. Ndivyo nilivyopajua."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Ulivaa koti jekundu. Nani anamfuata mtu msituni na koti jekundu? Na ukakanyaga kila kijiti cha Moravia." Mzee alikuwa anatazama skrini, si mwanawe. "Nilipunguza mwendo usije ukanipoteza."

Radovan akaketi sakafuni.

"Baba yangu hakuniambia njoo," mzee akaendelea. "Alitembea polepole, nami nikafuata. Ndivyo tunavyofanya. Nikasema sawa, sasa ameona, atanyamaza. Ukanyamaza miaka kumi na tisa, nikajivunia. Halafu ukaniletea magari."

Kwa hiyo Radovan alikuwa ameshapelekwa. Miaka yote hiyo alikuwa analilia kitu alichokwisha kupewa, na hakukijua, na ndicho alichokwenda kukitangaza. Radovan alilia pale chini bila kujificha. Mzee akamwekea mkono kichwani, kidogo tu, kisha akaomba pedi yake. "Weka mtu wa kunifuata," akasema. Hakusema "mwambie aweke."

Hapo ndipo gemu ilipopata uhai, na hapo ndipo waandishi wa magazeti wanapoandika kurasa nzima bila kujua wanaandika nini. Sasa msituni kuna mtu. Ukienda moja kwa moja mahali pako anakuona, na kesho ukirudi utakuta vishina vya uyoga vilivyokatwa. Lazima uzunguke. Lazima ukae kwenye gogo ule mkate, ujifanye unafunga kamba za kiatu, ukifunike kikapu. Na mara moja tu, katika gemu nzima, unaweza kuamua kupunguza mwendo na kumwacha akufuate mpaka mwisho. Hatukumwandikia mchezaji mahali popote kwamba anaweza. Atagundua au hatagundua. Halafu Radovan na Hynek wakafanya kila mchezaji awe na msitu wake, usiofanana na wa mwingine, na uyoga unahamahama na mvua, ila sehemu nzuri hubaki nzuri kwa anayezikumbuka.

"Na wewe hapo kwenye mashine yako unaona nilipo?" mzee akamuuliza mwanawe. Wakati huo walikuwa wanazungumza, ingawa bado kama watu wanaovuka daraja la mbao.

"Sioni, baba."

"Na huyu Hynek?"

"Hata Hynek haoni. Ndiyo kazi tuliyoifanya mwezi mzima."

Mzee akakuna kidevu. "Afadhali," akasema.

Mwezi wa nne alikuja siku moja akacheza saa mbili mfululizo bila tusi hata moja. Tulianza kuwa na wasiwasi. Nikamsogelea na chai, na kabla sijafika akavua kofia yake akaifunika skrini.

"Umepata nini, mzee?"

"Hamna kitu. Uyoga wa nzi tu."

Chini ya ukingo wa kofia niliona kona ya kikapu, na kilikuwa kimejaa mpaka juu. Nikamtazama Radovan. Alikuwa ameona pia. Akatoka kwenda ukumbini, nami nikamfuata, nikamkuta anafuta miwani kwa ncha ya shati.

"Imekuwa nzuri," akasema. "Zdislava, gemu imekuwa nzuri."

"Imekuwa nzuri," nikamwambia. "Vaa miwani, utajigonga."

Kiangazi kikapita kwa kusahihisha makosa madogo madogo. Mwezi wa tisa mvua ikanyesha siku nne, kukafuata joto, na nchi nzima ikawa inanusa hewa. Alhamisi hiyo mzee alipomaliza chai yake alikuwa anavaa viatu mlangoni, fimbo imeegemea ukuta, akasema bila kuinua kichwa:

"Radovan. Jumamosi una kazi?"

"Sina."

"Hizo sapatu hazifai kwenye umande. Tafuta viatu. Na lile koti jekundu liache."

Akashuka ngazi, moja moja, ameshika ukuta. Radovan alikuwa na kazi Jumamosi, sote tulikuwa na kazi, tulikuwa tumebakiza wiki sita gemu itoke. Hakuna aliyemkumbusha.

Jumamosi kosa kubwa likajitokeza, yule mfuataji akawa anatembea ndani ya miti badala ya kupita kando yake, na mimi na Hynek tukampigia Radovan simu mara sita. Iliita tu. Mama ndiye aliyenipigia, akasema gari la Radovan lilipita nyumbani kwake kabla hakujapambazuka, taa zimezimwa, na mzee amekaa mbele na kikapu magotini. Ule msumari jikoni kwa mzee, alisema, sasa hauna kitu. Jinsi alivyoujua msumari wa jikoni kwa mtu, sikumuuliza. Akaongeza kwamba gari halikukata kona ya mlimani. Lilikwenda upande mwingine kabisa.

Jumatatu Radovan akaja amechelewa. Vidole vyake vilikuwa vya kahawia mpaka kwenye kucha, rangi ile ya uyoga isiyotoka kwa sabuni, na mfukoni mwa shati kulikuwa na kisu kidogo chenye mpini wa mfupa ambacho nimekiona kwa mzee Alois tangu utoto wangu.

"Tulikupigia mara sita," nikamwambia.

"Simu ilibaki garini. Baba alisema iache hapo, au tugeuze turudi." Akavua kiatu kimoja. "Kwenye mtaro ilibidi nimbebe mgongoni. Nikamwambia, baba, samahani kwa ule mlima. Akaniambia, kwani ulidhani mtu wa umri wangu ana mlima mmoja?"

"Ee. Mkaenda wapi?"

Akavua kiatu cha pili, akakipanga karibu na mwenzake, akavaa sapatu taratibu. Kisha akaninyooshea mkono kuelekea dirishani, upande wa kituo cha tramu.

"Kule," akasema. "Lakini hamna kitu, Zdislava. Uyoga wa nzi tu."

Miaka kumi na minne nafanya naye kazi, na hajawahi kunidanganya hata kwa jambo dogo. Sikumuuliza tena. Nilirudi mezani kwangu kuchora miti.